Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara: Kusomea PMHNP Marekani

Majibu haya ni kwa wauguzi walioko Marekani, au walio njiani kwenda, wanaofikiria kusomea afya ya akili hadi kufikia kiwango cha kutibu na kuandika dawa, yaani kuwa PMHNP (Psychiatric-Mental Health Nurse Practitioner). Jambo moja litajirudia humu: watu wengi huchagua chuo kwa kuangalia ada na urahisi wa kuingia, wakati kinachomjenga mhudumu ni saa anazokaa mbele ya wagonjwa na mtu anayemsimamia saa hizo. Sheria za leseni hutungwa na kila jimbo, kwa hiyo soma tovuti ya bodi ya uuguzi ya jimbo lako kabla hujalipa hata senti.

PMHNP ni nani hasa?

Ni muuguzi aliyesajiliwa, yaani RN, ambaye amesoma shahada ya uzamili au uzamivu katika afya ya akili, akafaulu mtihani wa kitaifa, kisha akapewa na jimbo leseni ya uuguzi wa ngazi ya juu. Anampima mgonjwa, anatambua ugonjwa, anaandika dawa, anafanya tiba ya mazungumzo na kufuatilia maendeleo. Anasomea kuhudumia rika zote, kuanzia mtoto hadi mzee.

Taaluma hii ina mizizi ya zamani kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1954, Hildegard Peplau alianzisha katika Chuo Kikuu cha Rutgers programu ya kwanza ya uzamili ya kuandaa wauguzi bingwa wa magonjwa ya akili. Msingi wa mafundisho yake ulikuwa kwamba uhusiano kati ya muuguzi na mgonjwa ni sehemu ya tiba yenyewe. Mwaka 1965, Loretta Ford na daktari Henry Silver walianzisha Colorado mafunzo ya kwanza ya wauguzi wenye mamlaka ya kutibu. PMHNP wa leo amerithi pande zote mbili, na chuo kinachokufundisha upande wa dawa peke yake kimekupa nusu ya urithi huo.

Anatofautianaje na daktari wa magonjwa ya akili, au mwanasaikolojia?

Daktari wa magonjwa ya akili amesoma udaktari miaka minne, kisha akafanya mafunzo ya ubingwa miaka minne mingine. Mwanasaikolojia ana shahada ya uzamivu, ni mjuzi wa vipimo vya kisaikolojia na tiba ya mazungumzo, na katika majimbo mengi haandiki dawa. PMHNP anatoka kwenye uuguzi na anaandika dawa. Siku nzima kazini mnategemeana. Mgonjwa mwenye skizofrenia iliyogoma dawa kadhaa, mwenye ujauzito na kisukari juu yake, anahitaji kichwa zaidi ya kimoja, na kujua wakati wa kumwita daktari ni sehemu ya ujuzi wako.

Kuna njia gani za kuingia?

Njia kuu ni ya mwenye BSN (shahada ya kwanza ya uuguzi), anayesoma uzamili (MSN) kwa miaka miwili hadi mitatu. Ukienda moja kwa moja kutoka BSN hadi uzamivu wa vitendo (DNP), hesabu miaka mitatu hadi minne, na zaidi kama unasoma kwa nusu muda. Mwenye shahada ndogo ya uuguzi (ADN) anaweza kupata programu ya daraja inayomvusha hadi uzamili. Aliye tayari na uzamili katika tawi jingine, tuseme muuguzi wa familia (FNP), anasoma cheti cha baada ya uzamili, ambacho mara nyingi huchukua mwaka mmoja hadi miwili. Vipo pia vyuo, Yale kikiwa kimojawapo, vinavyopokea mtu mwenye shahada isiyo ya uuguzi kabisa. Huyo hupitishwa kwanza kwenye mafunzo ya RN.

Lazima nisome DNP?

Hapana. Mwaka 2004 chama cha vyuo vya uuguzi, AACN, kilipendekeza mafunzo ya ngazi hii yahamie uzamivu ifikapo 2015. Mwaka huo ulipita na MSN bado inakubalika kwa mtihani na kwa leseni. Soma DNP kama unataka kufundisha, kuongoza idara au kubadilisha mifumo ya huduma. Usiisome kwa hofu kwamba mlango wa MSN unafungwa kesho.

Je, lazima niwe nimefanya kazi wodi ya magonjwa ya akili?

Vyuo vingi havidai. Mimi nakushauri uifanye hata hivyo, angalau mwaka mmoja au miwili. Programu hizi ni fupi ukilinganisha na mafunzo ya daktari, na zilibuniwa kwa kuamini kwamba mwanafunzi anakuja na uzoefu wa uuguzi mgongoni. Aliyefanya kazi wodini ameshamwona mtu aliye kwenye kilele cha wazimu wa baipola (ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi), asiyelala siku ya tatu, anayezungumza kwa kasi huku akigawa pesa zake zote. Ameshakaa na mtu aliyenyamaza kwa sonona kiasi cha kutogusa sahani yake. Anapofundishwa darasani vigezo vya DSM-5-TR, mwongozo wa Marekani wa kutambua magonjwa ya akili, tayari ana sura za kuvipachika. Asiyewahi kuwaona hukariri orodha, na orodha humtoroka mbele ya mgonjwa halisi.

Kama wodi hiyo haipatikani, uzoefu wa idara ya dharura, wodi ya wagonjwa mahututi (ICU) au kituo cha uraibu nao una thamani kubwa.

Darasani tunasoma nini?

Kuna masomo matatu ambayo kila muuguzi wa ngazi ya juu lazima ayasome: patofisiolojia (jinsi ugonjwa unavyovuruga kazi za mwili), upimaji wa mgonjwa na famakolojia (elimu ya dawa), yote kwa kiwango cha juu. Juu yake unaongeza mishipa ya fahamu na ubongo, utambuzi wa magonjwa ya akili kwa watoto, watu wazima na wazee, dawa za akili, uraibu, sheria na maadili, na tiba ya mazungumzo.

Watu huogopa sana famakolojia, na wana haki. Chukua lithiamu, dawa kongwe ambayo bado ni nguzo ya matibabu ya baipola. Kiwango chake kwenye damu hulengwa kati ya 0.6 na 1.2 mEq/L, na damu inachukuliwa saa 12 baada ya dozi ya mwisho. Ikizidi kidogo tu, mikono inatetemeka, mgonjwa anaharisha, anayumba akitembea, na hali inaweza kufika pabaya. Sasa mgonjwa huyo anaumwa goti, ananunua ibuprofeni dukani bila kumwambia mtu. Ibuprofeni inapunguza uwezo wa figo kutoa lithiamu, kiwango kinapanda. Au daktari wake wa presha anamwongezea dawa ya kukojoza ya jamii ya thiazidi, matokeo ni yaleyale. Ndiyo maana utafundishwa kufuatilia figo na tezi ya shingo, na kuuliza kila ziara, “Umetumia dawa gani nyingine tangu tuonane, hata ya dukani?” Swali dogo hilo limewaepusha watu wengi na mashine za kusafisha damu.

Tiba ya mazungumzo ndiyo hukatwa fupi kwenye programu dhaifu. ANCC, taasisi inayotoa mtihani, inadai uwe umefundishwa kwa vitendo angalau mbinu mbili za tiba ya mazungumzo, kwa mfano tiba ya fikra na tabia (CBT) na usaili wa kuhamasisha mabadiliko. Uliza chuo: je, tutafanya tiba na wagonjwa halisi chini ya msimamizi, au tutaandika insha kuhusu tiba? Hata ziara ya dakika 20 ya kuangalia dawa inahitaji mtu anayejua kusikiliza kwa mpangilio.

Saa za kliniki ni ngapi, na zinakuwaje?

Kwa miaka mingi kiwango cha chini kilikuwa saa 500 zenye usimamizi, na ndicho ANCC ilichokuwa ikidai. Viwango vya kitaifa vya elimu vilivyotolewa 2022 vimepandisha hadi saa 750 za kuhudumia wagonjwa moja kwa moja. Programu za DNP hufikisha saa 1,000 baada ya shahada ya kwanza, zikijumlisha na za mradi. Ukipata chuo kinachotangaza saa 500 kama jambo la kujivunia, jiulize maswali.

Mwanzoni unakaa pembeni ukimtazama msimamizi wako. Baada ya majuma machache unaanza kuhoji mgonjwa mwenyewe huku msimamizi akisikiliza. Kipindi hicho ndicho cha thamani kubwa kuliko chochote utakachosoma, kwa sababu makosa yake hayaonekani kwenye karatasi. Chukua swali la kujiua. Mwanafunzi anamwuliza mgonjwa vizuri kuhusu usingizi, hamu ya kula, kazi. Anapofika kwenye kujiua sauti inashuka, macho yanahamia kwenye kompyuta, na swali linatoka hivi: “Huna mawazo ya kujidhuru, sivyo?” Mgonjwa anasikia kwamba jibu linalotakiwa ni “hapana,” naye anatoa hilo. Msimamizi mzuri atakusimamisha mlangoni baada ya ziara na kukufundisha kuuliza ukimtazama, kwa maneno wazi: “Je, umekuwa ukifikiria kujiua?” Kuuliza hakumpandikizii mtu wazo hilo. Wengi hupumua kwa nafuu kwamba hatimaye kuna aliyethubutu.

Utajifunza pia kupima kwa macho na mikono. Kipimo cha AIMS, kinachotafuta miondoko isiyo ya hiari inayoletwa na dawa za saikosisi, kinamtaka mgonjwa avue viatu na soksi, akae mikono juu ya magoti, afungue kinywa, atoe ulimi, kisha agonganishe kidole gumba na vidole vingine kimoja baada ya kingine. Ukiona kliniki ambayo hakuna anayewahi kuvuliwa soksi, wakati wagonjwa wako kwenye dawa hizo miaka, fahamu kwamba unafundishwa njia ya mkato.

Nani ananitafutia msimamizi wa kliniki?

Hili ndilo swali la kumwuliza chuo kabla ya kuuliza ada. Vyuo vingine vinakutafutia na kukupangia. Vingine vinakuambia utafute mwenyewe, na hapo ndipo wanafunzi wengi hukwama: wanaandika barua pepe kwa kliniki makumi, wanakosa majibu, muhula unapita, wengine wanaishia kulipa kampuni za kuunganisha. Wasimamizi ni wachache kuliko wanafunzi, na hilo halitaisha karibuni.

Maswali ya kuuliza kwa maandishi, na kudai majibu kwa maandishi: Chuo kinanihakikishia nafasi? Nikikosa muhula mmoja, nitalipa tena ada? Nitapata watoto, watu wazima na wazee, wodi na kliniki ya nje? Msimamizi ni PMHNP au daktari wa akili mwenye uzoefu wa miaka mingapi? Nani kutoka chuoni atakuja kuniona nikifanya kazi? Anayekujibu kwa ukungu, mwache.

Vyuo vya mtandaoni vinafaa?

Vipo vizuri sana na vipo vibaya sana. Masomo ya nadharia yanasomeka vizuri mtandaoni, ila kliniki lazima ufanye ana kwa ana au kwa mpangilio uliokubaliwa katika jimbo ulipo. Hakikisha mambo mawili: programu ina ithibati ya CCNE, ACEN au NLN CNEA, mashirika yanayothibitisha ubora wa programu za uuguzi, na chuo kina kibali cha kupokea wanafunzi wanaoishi jimbo lako. Kukosa ithibati kunaweza kukunyima mtihani, na hakuna anayerudisha pesa hizo.

Naweza kusoma huku nafanya kazi?

Kwenye nadharia, ndiyo, wengi hufanya zamu tatu za saa 12 kwa wiki na kusoma siku zilizobaki. Kliniki zikianza hali inabadilika. Saa 16 hadi 24 za kliniki kwa wiki juu ya zamu za usiku na watoto nyumbani zinamchosha yeyote, na mtu aliyechoka hamsikilizi mgonjwa. Punguza zamu mapema na uweke akiba kwa ajili ya mwaka wa mwisho. Mweleze mwenzi wako na watoto nini kinakuja kabla hakijafika.

Inagharimu kiasi gani, na nani anasaidia?

Tofauti ni kubwa. Mkazi wa jimbo kwenye chuo cha umma anaweza kumaliza MSN kwa takriban dola 30,000 au 40,000, wakati vyuo binafsi vyenye majina makubwa vinaweza kupita dola 100,000. Mtihani haujali jina la chuo, na waajiri wengi hawajali sana pia.

Raia na wenye makazi ya kudumu hujaza FAFSA, fomu ya kuomba msaada wa masomo, kwa ajili ya mikopo ya serikali. Sheria iliyopitishwa Julai 2025 inafunga Grad PLUS, mkopo wa serikali kwa wanafunzi wa baada ya shahada ya kwanza, kwa wakopaji wapya kuanzia tarehe 1 Julai 2026, na inaweka kikomo cha dola 20,500 kwa mwaka na dola 100,000 kwa jumla kwa wanafunzi wa kawaida wa baada ya shahada ya kwanza. Programu zinazohesabiwa kuwa za taaluma maalumu zina kikomo cha juu zaidi, kwa hiyo waulize ofisi ya misaada ya fedha programu yako iko kundi gani.

Baada ya kuhitimu kuna misaada ya kulipa deni. Nurse Corps, mpango wa serikali kuu, hulipa asilimia 60 ya deni la masomo ya uuguzi kwa miaka miwili ya kazi kwenye kituo chenye upungufu, na mwaka wa tatu unaweza kuongezewa asilimia 25. NHSC (National Health Service Corps) nayo ina mpango wake, unaowahusu pia PMHNP. Ukifanya kazi serikalini au kwenye shirika lisilo la faida, PSLF, mpango wa kufuta madeni ya watumishi wa umma, hufuta salio la mkopo wa serikali baada ya malipo 120. Na usisahau mwajiri wako wa sasa: hospitali nyingi hulipia sehemu ya ada kwa sharti la kubaki kazini muda fulani.

Nilisomea uuguzi nje ya Marekani. Naanzia wapi?

Kwanza uwe RN wa Marekani. Vyeti vyako vinatathminiwa, mara nyingi na CGFNS (tangu 2025 inajiita TruMerit), kisha unafanya NCLEX-RN, mtihani wa leseni ya RN, kupitia bodi ya jimbo ulilochagua. Majimbo mengi hudai pia mtihani wa Kiingereza. Kama ulisoma diploma, utahitaji kwanza kupanda hadi BSN, na programu za RN kwenda BSN zipo nyingi mtandaoni. Omba nakala za matokeo kutoka chuo chako cha awali mapema mno, na ziende moja kwa moja kwa anayetathmini. Mafaili ya zamani huchukua miezi kupatikana, na chuo cha Marekani hakitakusubiri.

Mtihani wa kitaifa ukoje?

ANCC ndiyo imeutoa kwa miaka mingi, na ukifaulu unapata cheo cha PMHNP-BC. Miaka ya karibuni AANPCB, taasisi nyingine ya vyeti vya wauguzi, nayo imeanzisha wake. Uliza bodi ya jimbo lako inapokea upi. Cheti cha ANCC kinadumu miaka mitano. Kukihuisha kunadai saa 75 za masomo endelevu, 25 kati ya hizo ziwe za famakolojia.

Nikishafaulu, naweza kufungua kliniki yangu mwenyewe?

Inategemea jimbo. Arizona na Washington zinakuruhusu kutibu na kuandika dawa bila mkataba na daktari. Minnesota inakutaka kwanza ufanye saa 2,080 chini ya makubaliano ya ushirikiano, na New York saa 3,600. Texas na Georgia bado zinadai daktari anayekukabidhi mamlaka. Florida ililegeza sheria 2020, lakini kwa huduma za msingi, na afya ya akili haikuingizwa.

Kuandika dawa zinazodhibitiwa, zikiwemo nyingi za ADHD (tatizo la umakini na utulivu), kunahitaji usajili wa DEA, idara ya serikali kuu inayodhibiti dawa hizo. Tangu Juni 2023 mwombaji anathibitisha pia amepata saa nane za mafunzo kuhusu uraibu. Kibali cha pekee cha kuandika buprenofini kwa uraibu wa opioidi kilifutwa mwishoni mwa 2022, na hiyo imefungua mlango kwa wagonjwa wengi waliokuwa wakizungushwa.

Kuhusu kliniki binafsi mara tu baada ya kuhitimu, hata pale sheria inaporuhusu, nasema subiri. Tafuta kazi ya kwanza penye mwenzako mzoefu mlango wa pili, hata kama mshahara ni mdogo.

Mshahara?

Ofisi ya takwimu za kazi ya Marekani iliweka mshahara wa kati wa wauguzi wa aina hii, matawi yote kwa pamoja, kuwa dola 126,260 kwa mwaka mnamo Mei 2023. Ilitabiri pia nafasi zitaongezeka kwa asilimia 46 kati ya 2023 na 2033. Angalia pia unapewa dakika ngapi kwa mgonjwa. Ofa nono yenye wagonjwa wanne kwa saa itakunyonya na itawaumiza wao.

Kiswahili changu kina faida yoyote?

Kikubwa. Marekani ina maelfu ya wakimbizi kutoka Kongo ambao Kiswahili ndiyo lugha wanayoweza kulilia, na wengi wamebeba kiwewe cha vita na kambi. Sheria inazitaka hospitali zinazopokea fedha za serikali kuleta mkalimani aliyehitimu. Mara nyingi utakuta binti wa miaka kumi na miwili akitafsiri kilichompata mama yake. Usikubali, hata kama mama mwenyewe anasema haina shida. Ukiweza kumhudumia mwenyewe kwa lugha yake, fanya hivyo, ukihakikisha kwanza mwajiri amepima na kuidhinisha lugha yako kikazi.

Niliwahi kuugua sonona. Nitakataliwa?

Kuwa na historia ya ugonjwa hakukuondolei sifa. Vyuo haviruhusiwi kukubagua kwa sababu hiyo, na bodi nyingi hivi sasa huuliza kama kuna hali inayokuzuia kufanya kazi kwa usalama leo. Soma swali la fomu neno kwa neno na ulijibu kwa ukweli. Endelea na matibabu yako, na uwe na mtabibu wako mwenyewe kabla kliniki hazijaanza, kwa kuwa simulizi za wagonjwa hugusa vidonda vyetu. Ukizidiwa ukiwa Marekani, piga au tuma ujumbe 988, nambari ya msaada wa dharura wa afya ya akili, saa yoyote.

Nikihamia jimbo jingine, leseni inahama nami?

Ya RN inaweza, kama majimbo yote mawili yako kwenye NLC, mkataba wa majimbo wa kutambua leseni za uuguzi, na unabadilisha makazi kwa utaratibu. Ya ngazi ya juu haihami, unaomba upya. Kwa tiba ya video, kinachohesabiwa ni jimbo alipoketi mgonjwa wakati wa mazungumzo, kwa hiyo anza kila ziara kwa kumwuliza yuko wapi, na uandike jibu kwenye faili.